Rasharasha ya theluji: neno tunalo, tusikimbilie kuazima

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika juma lililopita juu ya namna habari za nje zinavyotafsiriwa. Hoja yake ni kwamba Kiswahili ni lugha ya watu wa jua, theluji ikianguka kidogo tu hatuna la kusema, basi tuchukue la Kiingereza, flurry, tuliandike "flari", yaishe. Barua hiyo nimeisoma mara tatu hapa barazani kwangu Mnyanjani, Tanga, na mara zote tatu nimelikunja gazeti bila kuridhika. Jambo hili limenikaa moyoni tangu ujana wangu, na mwezi uliopita lilirudi nyumbani kwangu kwa njia ya simu.

Binti yetu yuko Toronto, Kanada, huu ni mwaka wake wa sita. Kila Jumapili hutupigia, na mama yake huiweka simu juu ya meza ili sote tusikie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri mama. Ila nje kunaanguka..." Akasita. Tukamsikia anatafuta. "Theluji, lakini siyo ile theluji yenyewe. Hizi chache, zinakuja, zinaacha." Akamalizia kwa neno la Kiingereza.

Mke wangu theluji ameiona mara moja tu, ile ya Kilimanjaro, kwa mbali, akiwa stendi ya Moshi. Hakufikiri sana. Akamuuliza: "Zinakuja, zinaacha? Si rasharasha hiyo?"

Kimya kidogo, halafu mtoto akasema: "Ee mama. Rasharasha. Rasharasha ya theluji." Nikaisikia sauti yake inalegea, kama mtu aliyetua mzigo.

Hapo hapakuwa na kamati wala mtaalamu. Palikuwa na mama mtu mzima wa Tanga anayejua vitu vinavyoanguka kutoka juu huangukaje. Wenye umri wangu wanalijua neno rasharasha limetokea wapi. Ni jamaa moja na kurashia, na jamaa moja na marashi. Asili yake ni Kiarabu, rashsha, kunyunyiza. Mke wangu anao mrashi wa marehemu mama yake, ule wa shingo nyembamba na matundu kichwani, hutolewa kabatini siku ya maulidi. Mrashiaji hupita baina ya watu, akitikisa mkono. Matone mawili begani, moja kwenye kofia, kisha amekwenda kwa mwenzako, na wewe umebaki na harufu ya waridi. Mvua inayopita namna hiyo ndiyo rasharasha. Na theluji inayopita namna hiyo, kwa nini isiwe rasharasha?

Manyunyu ni mambo mengine. Manyunyu yanatokana na kunyunya. Hayapiti. Yanakaa juu yako, membamba, huyasikii kwenye bati, na baada ya saa moja shati limeshikana na mgongo. Nyumbani kwetu tofauti hii ilikuwa riziki. Marehemu mama yangu alikuwa akianika uono, wale samaki wadogo wadogo, kwenye majamvi ufukweni. Ikija rasharasha, anafunika na kusubiri, maana baada ya muda mfupi mvua imeanuka na jua limerudi. Yakija manyunyu, anatuita watoto wote tuanue haraka, hata kama tone lenyewe halijaonekana mchangani, kwa sababu uono ukishika unyevu wa namna ile usiku huohuo unaanza kunuka. Neno moja lilituambia tukae, la pili lilituambia tukimbie. Leo nasikia redioni "mvua ndogo hadi za wastani" kwa yote mawili. Udogo peke yake haumsaidii mwanika samaki. Anataka kujua inaangukaje na itakaa muda gani.

Sasa nije kwenye theluji yenyewe, maana nimesimama ndani yake.

Mie nilikuwa baharia. Januari 1979 meli yetu ilifunga gati Leith, bandari ya mji wa Edinburgh, Scotland. Mkonge tulikuwa tumeushusha Antwerp, tumevuka Bahari ya Kaskazini kwa upepo mbaya, na wengi wetu tulikuwa wagonjwa. Alfajiri nilipanda deki kupokea zamu pamoja na mwenzangu mmoja wa Wete, Pemba. Taa za gatini zilikuwa bado zinawaka, na katika mwanga wake kulikuwa na kitu kinashuka, cheupe, kikavu, polepole, kinakwenda upande kabla ya kwenda chini. Nikasema, "Tazama, sufi." Mwenzangu akasema, "Sufi wapi. Chicha hilo."

Tulibishana pale hadi vidole vikafa ganzi, na hadi leo sijui nani alikuwa na haki zaidi. Kwetu palikuwa na msufi nyuma ya jiko. Kaskazi ikivuma na makaka ya msufi yakapasuka, sufi ilikuwa ikipaa juu ya paa la makuti, inaelea, inatua kwenye maji ya kisima, kwenye nywele za bibi, kwenye kawa lililofunika chakula. Mama alikuwa akituambia tuiokote kabla haijachafuka ajazie mito. Kwa hiyo mie theluji ya kwanza maishani mwangu niliiona kwa macho ya uani kwetu. Mwenzangu naye alimwona bibi yake Wete ameshakuna nazi, ameshakamua tui, anawarushia kuku machicha kwa mkono mmoja. Chembe zake ndizo alizoziona. Sufi ni nyepesi, inaelea. Chicha ni zito kidogo, linaanguka moja kwa moja na kutulia. Baadaye, katika safari nyingine, niliona theluji za aina zote mbili, nikafahamu kwamba siku ile kila mmoja wetu alikuwa akitazama sehemu yake ya mwanga.

Alikuwapo mzee mmoja wa gatini, mlinzi wa lango. Nilipomsalimia akaangalia juu, akaniambia kwa lafudhi yake nzito kwamba hii ni "skiff" tu. Kwa baharia skiff ni mashua ndogo. Nikageuka kutazama majini, nione mashua gani inakuja. Akanionyesha chini ya miguu yetu: juu ya mawe ya gati kulikuwa na weupe mwembamba ambao nyayo zetu zilikuwa zimeshautoboa. Akapangusa kwa kiatu, jiwe jeusi likatokea. Ndipo nikaelewa kwamba kwao skiff ni mvua au theluji inayogusa tu na kupita. Nimelikumbuka kwa miaka yote hii kwa sababu aliniambia kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mgeni chumba cha nyumba yake.

Weupe ule wa chini nao ni kitu cha peke yake, na hapo ndipo lile "flari" linaposhindwa kabisa, maana Waingereza wenyewe neno hilo hulitumia kwa inayoanguka, hawalitumii kwa iliyokwisha kutua. Kiswahili tunalo neno. Uji ukipoa kwenye bakuli hufanya kitu juu, chembamba, ukikigusa kwa kijiko kinakunjamana. Maziwa vilevile. Ni utando. Theluji iliyolala kiasi cha kupangusika kwa kiatu ni utando wa theluji. Mtafsiri wa habari anaweza kuandika leo hiihii: usiku kulinyesha rasharasha ya theluji, asubuhi barabara zilikuwa na utando. Kila msomaji wa Tanga, Lamu, Kigoma au Bukavu ataelewa, na hatahitaji kufundishwa.

Niseme pia jambo la kazi. Watu wa hali ya hewa hawapimi wepesi wa theluji inayoanguka kwa ukubwa wa chembe zake. Hupima kwa umbali wa kuona: ukiweza kuona kilomita 1 au zaidi, hiyo ni theluji nyepesi. Sisi melini ndivyo tulivyokuwa tukiangalia, kama boya la mlangoni linaonekana au limekwisha kumezwa. Na theluji kavu hudanganya macho, kwa sababu ikilala kimo cha sentimita 1 ukaiyeyusha, unapata takriban milimita 1 ya maji. Ndiyo maana nikasema ni sufi. Mto mzima wa sufi ukiukandamiza unabaki na nini?

Mjukuu wangu, anayesoma kidato cha tatu, alinisaidia kutafuta zaidi kwenye simu yake baada ya ile Jumapili. Alinisomea kwamba mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Glasgow, wakitayarisha hazina ya maneno ya Kiskoti, walihesabu maneno 421 yanayohusu theluji. Kuna flindrikin, rasharasha hasa, theluji ya kupita. Kuna feefle, theluji inapozunguka kwenye kona kama kisulisuli. Kuna snaw-pouther, ile laini kama unga inayosukumwa na upepo. Kuna skelf, chembe moja kubwa, na hilohilo skelf ni kibanzi cha mti kinachokuchoma kidoleni. Hilo lilinifurahisha kuliko yote. Nao wametazama juu wakaona kitu cha karakana, kama mie nilivyoona cha uani.

Na neno la yule mzee wa Leith limevuka bahari. Marekani wako wanaosema skiff, na wengine skift, kwa utando uleule. Tumelijuaje? Kwa sababu kuna watu walikwenda kuuliza. Kuanzia mwaka 1965 hadi 1970 Chuo Kikuu cha Wisconsin kilituma watu kwa magari wakapita katika jamii 1,002 nchini Marekani, mkononi wana hojaji yenye maswali zaidi ya 1,600. Mvua ndogo mnaiitaje? Theluji iliyofunika ardhi kidogo tu mnaiitaje? Waliuliza wakulima, wavuvi, akina mama wa nyumbani, hasa wazee. Majibu yao yakawa kamusi ya maneno ya kila pembe ya Marekani. Kitabu cha kwanza cha kamusi hiyo kilitoka 1985, na cha tano, kilichofika herufi ya mwisho, kilitoka 2012. Mkuu wake, Frederic Cassidy, mzaliwa wa Jamaika, alifariki mwaka 2000 kabla ya kuuona mwisho. Mie nikifikiria kazi ya miaka mingi kiasi hicho kwa ajili ya maneno ya watu wa kawaida, natamani nasi tuwe nayo.

Huyo msomaji mwenzangu atasema hao ni matajiri. Lakini hata sisi tuliwahi kuwa na mwanzo wa kazi kama hiyo. Padri Mfaransa Charles Sacleux, aliyeishi pwani yetu hii, alitoa mwaka 1939 kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ambayo kwa neno baada ya neno inaonyesha lahaja gani ya pwani inalisema. Ilitoka baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 kukichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mie siulaumu uamuzi ule. Bila ya lugha moja sanifu nisingeweza kuzungumza na baharia wa Kisumu. Lakini lahaja zilizobaki nje ya mlango, Kimtang'ata cha wazee wa Tongoni na Kigombe kikiwamo, Kivumba cha huko mpakani kikiwamo, zimekuwa zikizungumzwa na watu wachache zaidi kila mwaka, na wanaozijua vizuri tunawazika. Shuleni mtoto akiandika alivyosema bibi yake, kalamu nyekundu inapita. Mjukuu wangu huyuhuyu aliandika katika insha kwamba asubuhi kulikuwa na kungugu. Lilikatwa, pembeni pakaandikwa ukungu. Kungugu ni Kiswahili, nimelala ndani yake baharini usiku mwingi. Mtoto aliniuliza kama bibi hajui kusema, na swali hilo liliniuma.

Juu ya theluji hasa, kuna habari moja ya zamani ambayo natamani kila mwalimu aijue. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitokea Rabai, aliona kilele cheupe cha Kilimanjaro. Akamuuliza kiongozi wake wa msafara, mtu wa pwani, ule weupe ni nini. Yule akamjibu: ni baridi. Rebmann aliliandika hivyo kwenye shajara yake, "beredi". Huko London wataalamu walibisha kwa miaka kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na Ikweta. Lakini mtu wa pwani, ambaye hakuwa amekanyaga kule juu, alikuwa ameshaipa jina kwa kile inachomfanyia mtu. Ndivyo Kiswahili kinavyofanya kazi tangu hapo. Theluji yenyewe tumeichukua kwa Waarabu. Barafu ni ya Waajemi, na kwao barf ndiyo theluji hasa, ila kwetu imegeuka kuwa maji yaliyoganda tunayouziwa kwenye mifuko. Jalidi tunalo, sakitu tunalo, kwa ule umande ulioganda. Sikatai kuazima hata kidogo, maneno kadhaa ya melini tumeazima kwa Wareno na Wahindi. Ninachokataa ni kuazima kwa kutoangalia kabatini kwanza.

Wala sisemi tujifanye watu wa theluji. Yale maneno 421 ni ya wenyewe, wameyalipia kwa vidole vyao na kwa kondoo wao waliofukiwa. Lakini watoto wetu wako huko sasa, Toronto, London, Oslo, na wanapiga simu. Wanataka kumweleza mama yao kinachoanguka dirishani. Mtu akikosa neno la kumwambia mama yake, humwambia kidogo kidogo, mwisho hamwambii.

Kwa hiyo, Mhariri, nakuomba kitu kimoja, nacho hakihitaji fedha. Nipe, au mpe mwingine yeyote, pembe ndogo ya ukurasa mara moja kwa wiki, na waombe wasomaji walete maneno ya mvua nyepesi kama yanavyosemwa kwao, kila neno na kijiji chake. Mvua inayolowesha jamvi bila kulowesha mchanga chini yake mnaiitaje? Ile ya mchoo, inayoletwa na kusi baada ya masika kwisha, inapopita mara tatu kwa asubuhi moja? Inayonyesha huku jua linawaka? Ile unayoiona baharini imesimama kama pazia na haikufikii? Watu wa Lushoto na Amani walete yao, maana kule juu wanaishi ndani ya mawingu. Watu wa Marangu, Machame na Rombo ndio natamani wasikose. Wapagazi wa Kilimanjaro wanaangukiwa na theluji mabegani wakiwa na mzigo kichwani, kwa hiyo katika Waswahili wote wao ndio wenye haki ya kwanza kusema ile chache inayopita usiku kabla ya safari ya kileleni inaitwaje. Wakituletea neno lao, mie sufi yangu nitaiweka pembeni.

Na walioko ng'ambo waandike pia. Naamini wengi wameshabuni majina jikoni mwao na wanaona aibu kuyasema, wakidhani si Kiswahili sanifu.

Ijumaa baada ya swala nitapanda basi kwenda Tongoni. Yuko bibi mmoja kule, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, aliyeanika uono tangu akiwa msichana. Nitamchukulia sukari na majani ya chai, na nitakwenda na daftari la mjukuu wangu na mjukuu mwenyewe, aandike yeye kwa mkono wake, kila neno kama bibi atakavyolitamka. Nitakayoyapata nitakuletea juma lijalo.

Wako,
Baharia mstaafu,
Mnyanjani, Tanga